Ngano inatoa masuke meupe yasiyo na punje, mizizi myeusi. Nipige dawa gani?

mkulima_basotu: Wakuu habari za majukumu. Nalima ngano huku Basotu, Hanang. Huu ni msimu wa tatu ngano juu ya ngano, shamba lile lile. Ngano nyingine bado ni kijani, ila kuna mabaka, hasa bondeni maji yanapotuama, masuke yameshakauka meupe. Ukiyapukusa ni makapi matupu. Mmea unang'oka kirahisi, mizizi mifupi, myeusi. Duka la pembejeo wanasema nipige dawa ya ugonjwa wa kutu. Nipige?

Mzee_wa_Plau: Usitoe hela kwanza. Kutu ina unga. Pitisha kidole kwenye shina kitatoka na rangi ya matofali. Unao?

mkulima_basotu: Hakuna kabisa mkuu.

shamba_darasa: Basi chimbua mimea michache kwa koleo, usivute, maana mizizi iliyooza hubaki ardhini. Ioshe kwenye ndoo, kisha menya ganda la jani la chini kabisa. Shina likiwa jeusi linang'aa kama limepakwa lami, hapo mshukiwa ni Gaeumannomyces, kuvu wa udongoni. Likiwa kahawia au lina uwaridi, fikiria Fusarium, kuvu mwingine ambaye huumiza zaidi ukame ukibana. Bonde lako lenye maji linanielekeza kwa yule wa kwanza. Dawa ya kupulizia majani haishuki mizizini, kwa hiyo msimu huu hapo hakuna cha kuokoa.

kijana_wa_Karatu: Mbona nasikia ukikomaa na ngano mfululizo ugonjwa unapungua wenyewe?

shamba_darasa: Kweli, Uingereza na Marekani imeonekana. Bakteria wanaompinga kuvu huyo huongezeka udongoni. Ila unapita kwanza misimu kadhaa ya hasara. Mkopo wa trekta atalipa nani?

mkulima_basotu: Nikiweka shayiri je? Mnunuzi yupo.

Mzee_wa_Plau: Shayiri nayo inashikwa, hata kama haiumii kama ngano. Weka alizeti, mbaazi au maharage.

shamba_darasa: Na msimu huo usiache maotea ya ngano (yanayojiotea yenyewe) wala magugu ya sangari, kuvu anaishi humo akingoja ngano irudi. Chokaa usimwage bila kupima udongo, ukipunguza uchachu wa udongo unampa kuvu nguvu. Chimba mfereji pale bondeni. Kabla hujavuna, peleka mimea na mizizi yake TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo Arusha, wauthibitishe ugonjwa.

mkulima_basotu: Nimemenya sasa hivi. Shina ni jeusi tii. Alizeti mbegu gani inafaa huku?