Bodi (kompyuta ndogo za Linux) zinabadilisha MAC, ile namba ya kutambulisha kifaa kwa netiweki, kila stima ikirudi na muuzaji anasema "ni kawaida". SIO KAWAIDA!

Wasee nimekaa na hii hasira wiki mbili, leo naitoa hapa kwa sababu najua sio mimi peke yangu nimeuziwa hizi vitu. Jina la muuzaji sitaji.

Niko na kazi ya mita za maji kwa ploti moja Pipeline, Embakasi. Bloku mbili, floo tisa tisa, kila floo iko na bodi ndogo ya Linux kwa ukuta inasoma mita za hiyo floo na kufungua valvu mtu akishalipa. Bodi 18. Seva iko chini kwa keateka, na rauta nimeiambia bodi yenye MAC fulani ipewe IP fulani (anwani ambayo seva inaitafutia bodi), vile kila mtu hufanya. Nikapima, ikashika, nikalipwa nusu.

Jumanne stima ikapotea mara mbili. Jumatano asubuhi keateka ananipigia, "Fundi kuja haraka, watu wananiita mwizi." Kufika nakuta mama mmoja wa floo ya sita alilipa kwa simu saa mbili usiku, pesa imeingia, maji hakuna, ako na mtoto wa miezi minne mgongoni na jerikeni tatu tupu zimepangwa mlangoni. Hakunipigia kelele. Alinishikia tu ile simu mbele ya macho nisome meseji ya malipo. Niliona aibu sijui niseme aje.

Nikaingia kwa rauta, hakuna bodi hata moja iko na IP yangu. Zote 18 zimekuja na MAC mpya! Na kila stima ikipotea zinakuja na zingine mpya. Rauta iko na IP 100 za kugawa na MAC ikipewa moja inakaa nayo siku saba, sasa piga hesabu, bodi 18 mara sita stima imepotea hiyo wiki ni 108. Jumamosi IP zikaisha, hata kompyuta ya keateka ikakosa netiweki, na yeye hana makosa yoyote kwa hii maneno.

Nikachukua kebo ya siriali nikaunganisha bodi moja nione inawaka aje. Mistari ya kwanza tu U-Boot (programu inayoamsha bodi kabla ya Linux) inalia ati CRC, yaani hesabu ya kuhakiki data, ni mbaya, inatumia mazingira (seti ya mipangilio yake) ya kawaida, halafu inasema imejichagulia MAC ya kubahatisha. Yaani hakuna mtu amewahi kuandika `ethaddr`, mpangilio unaobeba MAC, ndani ya hiyo bodi! Na chini ya kila bodi kuna stika, imechapishwa vizuri kabisa, iko na MAC. Kumbe hiyo namba iko kwa karatasi peke yake. Mtu alikaa kiwandani akabandika stika 18 na hakuna aliyejisumbua kuiingiza namba kwa bodi.

Kwa wale hawajui, MAC ni baiti 6, tatu za mbele kampuni inapewa na IEEE (shirika la viwango), tatu za nyuma inajipangia yenyewe ndio vifaa viwili visigongane. Ile ya kubahatisha utaijua kwa herufi ya pili, huwa ni 2, 6, a ama e, kwa sababu kuna biti inasema hii namba imepewa hapa hapa haikutoka kiwandani. Zangu zote zilikuwa hivyo.

Nikampigia muuzaji. Akaniambia "boss hiyo ni kawaida ya Linux, weka tu skripti ibadilishe MAC ikishawaka." Nikajaribu kwa sababu nilikuwa na presha. Skripti inaamka wakati bodi imeshaomba IP na ile MAC ya uongo, so rauta bado inajaa. Na kijana ninayefanya naye akajitungia MAC inaanza na 01, Linux ikakataa kabisa, kwa sababu baiti ya kwanza ikiwa namba witiri hiyo ni ya kutuma kwa wengi, haiwezi kuwa ya kifaa kimoja.

Nikampigia tena nikiwa moto. Akanitumia "imeji mpya imerekebishwa", yaani nakala nzima ya kuandika kwa kadi. Nikaandika kadi za SD zote 18 usiku kucha, nikapanda ngazi floo kwa floo nikizirudisha, hiyo ploti haina lifti. MNAJUA ALIFANYA NINI? Alichukua bodi yake moja, akaiwekea MAC, akanakili kadi nzima na mazingira yake. Bodi zote 18 zikawa na MAC MOJA. Swichi inaona namba ile ile kwa poti 3, sekunde ifuatayo poti 7, ping inajibu mara mbili inakufa, na floo ya nne wanafunguliwa maji ya floo ya nane. Hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza maana sasa kuna watu wanakunywa maji ya wenzao. Na kuibadilisha si rahisi, `ethaddr` ikishawekwa U-Boot kwa kawaida inakataa uiguse tena, ikabidi nifute mazingira yote nianze upya.

Sasa nafanya moja moja. Kebo, nasimamisha U-Boot, `setenv ethaddr` na namba ya stika, `saveenv`, nazima, nawasha. Na hata hapo Linux bado ilikuja na ya kubahatisha! U-Boot inajua MAC lakini haiipitishi, kwa sababu kwa ile devaisi trii yao (faili inayoeleza Linux vifaa vilivyo kwa bodi) hakuna alias, yaani jina la mkato, ya `ethernet0`, na hiyo ndio inaonyesha U-Boot mahali pa kuandika `local-mac-address` ndio kerneli (kiini cha Linux) iisome. Mstari mmoja! Nimeongeza mstari mmoja ikashika, nikachomoa stima mara kumi, MAC ni ile ile.

Kwa hivyo usiniambie ni kawaida. Kuna EEPROM (chipu ndogo za kuhifadhi data) za kampuni ya Microchip, 24AA02E48, zinatoka kiwandani na MAC ndani na hiyo sehemu hauwezi kuiandika juu. Ukitaka kuuza bodi weka hiyo, ama andika namba ya stika yako kabla uchukue pesa ya mtu.

Kama umenunua bodi hizi karibuni piga amri `ip link`, angalia hiyo herufi ya pili ya MAC, halafu chomoa stima uangalie tena. Na kama kuna mtu hapa Nairobi anauza bodi zenye MAC imechomwa ndani aniambie, nitalipa zaidi.

Nimemaliza 7. Kesho narudi Pipeline na kebo, zimebaki 11, naanza na floo ya sita.