Majilio 2026: ukumbi, taji, kwaya na kutembeleana (pamoja na majibu)

Kutoka: Katibu wa usharika

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Haya ni kwa sharika zetu za Kiswahili zilizo ugenini. Jumapili ya kwanza ya Majilio (majuma ya kungoja Krismasi, yenye Jumapili nne) mwaka huu ni 29 Novemba. Zinazofuata ni 6, 13 na 20 Desemba, na Krismasi inaangukia Ijumaa. Kwa wanaotengeneza kalenda ya mbele: Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, kwa hiyo hayatangulii tarehe 27 Novemba wala hayapiti 3 Desemba. Mwaka 2027 ni 28 Novemba. Mwaka 2028 utatubana, maana Jumapili ya nne ni tarehe 24 Desemba yenyewe: asubuhi rangi ya zambarau ya Majilio, jioni nyeupe ya Krismasi, na jengo ni lile lile. Sharika zinazoazima kanisa la wenyeji ziombe siku hiyo mapema kabisa.

Barua ya kuomba ukumbi isitaje saa ya ibada peke yake. Taja saa ya kuingia (saa moja kabla) na ya kutoka (dakika 45 baada), kama mishumaa ya moto inaruhusiwa, kama jiko litatumika, nani anabaki na ufunguo, na mitambo ya kupasha joto iwashwe lini. Hili la mwisho husahaulika. Jengo la mawe lililokaa wiki nzima bila joto linahitaji saa kadhaa. Ukiwasha mnapoingia, litapata joto mkiwa mnaimba wimbo wa kutoka.

Kuhusu saa zenyewe. Kila tangazo liwe na saa ya Kiswahili pamoja na tarakimu za huku: "saa nane mchana (14:00)". Watoto waliokulia huku wakisikia "saa nane" wanaelewa 8:00, na si kosa lao. Kwa ibada inayorushwa mtandaoni, kumbukeni saa za Afrika Mashariki hazibadilishwi mwaka mzima, lakini huku nyingi zimeshabadilishwa. Desemba London iko nyuma kwa saa 3, Berlin kwa saa 2, New York kwa saa 8. Sydney iko mbele kwa saa 8. Tangazo la Septemba lisinakiliwe.

Masomo: tunaingia Mwaka B, mwaka wa Marko, wa pili katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu. Injili kwa mpangilio wa pamoja wa makanisa mengi ya Kiprotestanti ni Marko 13:24-37, kisha Marko 1:1-8, kisha Yohana 1:6-8 na 19-28, kisha Luka 1:26-38. Wakatoliki Jumapili ya kwanza huanzia Marko 13:33. Wasomaji waangalie hapa: somo la Isaya la Jumapili ya kwanza ni 64:1-9 katika Biblia zetu nyingi, ila Biblia zinazofuata hesabu ya Kiebrania, za Kijerumani kwa mfano, huiweka aya ile ya kwanza mwishoni mwa 63:19. Karatasi ya wenyeji ikisema 63:19b–64:8, ni somo lile lile. Msomaji asiyelijua hilo atafungua sura ya 64 na kuanzia aya moja mbele.

Naomba wenye uzoefu wa taji, kwaya na kutembelea wajibu hapa hapa.

Kutoka: Mama wa mapambo ya altare

Amina, Katibu. Nianze na taji, ile pete ya majani yenye mishumaa minne ambayo kila Jumapili tunawasha mmoja zaidi, kwa sababu ndipo hatari ilipo.

Pete ya sentimita 60 inatosha kanisa la watu mia. Mzingo wake ni karibu sentimita 190. Kata vijiti vya majani vya sentimita 12 hadi 15, fungeni vinne vinne, na kila fungu lilale juu ya nusu ya lililotangulia, yote yakielekea upande mmoja. Ukiweka fungu kila sentimita 7 au 8 utahitaji mafungu 25, yaani vijiti 100. Kateni 120 kwa ajili ya kuziba mianya ya ndani. Waya uwe mmoja mrefu usiokatwa, uzungushwe mara tatu kwa kila fungu na kuvutwa kwa nguvu. Majani yakikauka yananywea, na waya uliolegea tangu mwanzo utayaachia. Fungu la mwisho huingizwa chini ya ncha za la kwanza. Liinueni la kwanza kwa kidole, mlisukume, mfunge.

Majani: miti ya jamii ya msonobari ipo ya namna nyingi. Ile yenye sindano bapa, laini, ambazo hazichomi mkononi, hukaa na majani wiki nne. Ile yenye sindano kali, ukiiviringisha kati ya vidole unahisi pembe nne, hupukutika upesi ndani ya chumba chenye joto. Lazeni matawi usiku mzima huku miguu yake ikiwa kwenye ndoo ya maji kabla ya kufunga. Baada ya ibada taji lisibaki ukumbini, lipelekwe stoo isiyo na joto. Kulinyunyizia maji juu juu hakusaidii sana.

Sasa mishumaa. Wengi hununua minene kwa sababu inapendeza. Mshumaa wa sentimita 7 au 8 unataka kuwaka saa tatu hivi ndipo nta iyeyuke hadi ukingoni. Ibada ya saa moja na nusu huchimba shimo katikati, na kufikia Jumapili ya tatu utambi unazama kwenye nta yake na kuzimika katikati ya sala. Kwa ibada zetu mshumaa mwembamba wa sentimita 2 hadi 2.5 ni bora. Huo huisha kama sentimita 2.5 kwa saa. Fanyeni hesabu: mshumaa wa kwanza unawashwa Jumapili nne, tuseme saa mbili kila mara, jumla saa 8, yaani sentimita 20. Ukiwa na urefu wa sentimita 25, Jumapili ya nne ukimaliza kuwaka zimebaki 5, na sehemu yake imo ndani ya kishikio.

Tazameni hali ilivyo siku hiyo: mshumaa wa kwanza uko chini kabisa, na majani yamefikia ukavu wake wa mwisho. Moto wa chini na majani makavu vinakutana Jumapili ile ile, na ndiyo Jumapili ambayo wazoefu wamesafiri na zamu imeshikwa na mgeni. Majani haya yana utomvu. Yakikauka hayaungui polepole, yanalipuka. Kwa hiyo:

– Vishikio viwe vya chuma, vyenye kisahani, na viinuke juu ya majani.
– Mshumaa ukibaki sentimita 5 juu ya majani, ubadilishwe. Wa kwanza ubadilishwe kabla ya Jumapili ya nne hata kama unaonekana mzima. Kupungua kwa hatua kunapendeza macho, lakini si sehemu ya ibada.
– Pitisha kiganja juu ya majani kila Jumamosi. Sindano zikianguka, majani yote yang'olewe na pete ifungwe upya.
– Utambi ukatwe ubaki milimita 5. Mrefu hutoa moshi.
– Taji liwe mbali na pazia, na si kwenye njia ya upepo wa mlango. Moto ukilala upande mmoja, nta hutiririka upande huo.
– Tumieni kizimio, msipulize. Nta ya moto hurukia nyuso za watoto walio mbele.
– Mtu mmoja awe na jukumu la kuzima, na ajulikane kabla ibada haijaanza. Ndoo ya maji iwe chini ya meza.

Kama jengo lina king'ora cha moshi, kisizimwe kwa ajili yetu. Kama wenyeji wamekataa moto, tumieni mishumaa ya betri bila kunung'unika.

Rangi: mitatu zambarau na mmoja waridi wa Jumapili ya tatu, ndivyo wengi wetu tulivyozoea. Yapo makanisa yanayotumia bluu, na mengine mishumaa minne myekundu. Taji lenyewe lilianzia Hamburg mwaka 1839, mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern alipotundika gurudumu lenye mishumaa kwa ajili ya watoto maskini aliowalea: mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za katikati. Hapakuwa na zambarau wala waridi. Basi wenyeji wakiwa na rangi zao, tuzifuate.

Kutoka: Mwalimu wa kwaya

Mama, asante sana kwa hesabu ya mshumaa wa kwanza.

Kwaya ya ugenini ina tatizo moja kubwa mwezi Desemba: watu. Kuanzia katikati ya mwezi wanaosafiri nyumbani wanaondoka, na wanaofanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee wanapangiwa zamu za sikukuu. Ulizeni tarehe za tiketi na za zamu mwezi Oktoba, mziandike kwa sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mkiona sauti ya nne itabaki na mtu mmoja tarehe 20, msichague wimbo unaosimama juu ya besi. Chagueni wa kupokezana, kiongozi na waitikiaji, ambao hata watu sita wanaubeba.

Nawasihi nyimbo za kuzaliwa zisianze tarehe 29 Novemba. Najua maduka yanazipiga tangu Oktoba. Majilio yana nyimbo zake za kungoja na kuandaa njia. Kusanyiko likizimaliza za Krismasi kabla ya siku, usiku wa tarehe 24 hakuna jipya mdomoni. Wimbo wa Utukufu kwa Mungu Juu nao unanyamaza Jumapili hizi nne kwa wanaoutumia, ila Aleluya inabaki. Wanaochanganya Majilio na Kwaresima huiondoa Aleluya, na si sahihi.

Ngoma za ngozi: hewa yenye joto la mitambo ni kavu, ngozi inakaza, sauti inapanda, na ngoma ikiwa karibu na mtambo ngozi inaweza kupasuka au mbao kuachana. Ikitoka garini na baridi yenye unyevu, inalegea na kutoa mlio wa boksi. Ifikisheni saa nzima kabla, ikae imefunikwa blanketi mbali na joto, izoee chumba. Msiikaushe kwa kuiegemeza kwenye mtambo.

Kinanda cha mabomba cha wenyeji nacho hupanda sauti jengo linapopata joto, karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, na senti 100 ndiyo nusu-toni, hatua ndogo kabisa kati ya vibonye viwili vya kinanda. Tofauti ya nyuzi 10 ni theluthi ya nusu-toni, na kibodi ya umeme haibadiliki nacho. Kwa hiyo msivipige pamoja bila kuvilinganisha, na mvilinganishe jengo likiwa na joto lake la ibada.

Maneno ya nyimbo ukutani: wimbo unaweza kuwa wa zamani usio na mwenyewe, lakini tafsiri yake ikawa bado na haki zake. Kuonyesha maneno ukumbini na kurusha wimbo mtandaoni mara nyingi ni vibali viwili tofauti. Waulizeni wenyeji kibali chao kinafika wapi.

Kutoka: Mzee wa kanisa, huduma ya kutembelea

Shalom wote.

Orodha ya kutembelea itengenezwe kabla ya Jumapili ya kwanza, na isiwe ya wagonjwa tu. Ina aliyefiwa mwaka huu na hakuweza kusafiri kuzika. Ina mama aliyejifungua bila mama yake karibu, mwanafunzi aliyebaki bwenini peke yake, aliyefika miezi michache iliyopita, na anayelala mchana kwa sababu ya zamu za usiku. Huyo wa mwisho hakuna anayemwona, kwa kuwa kila ibada anaikuta amelala. Mpangieni saa yake.

Nendeni wawili wawili. Pigeni simu siku mbili kabla, mkumbushe siku yenyewe. Dakika 45 zinatosha. Koti likishavaliwa, msianze sala ya pili mlangoni. Ujumbe wa simu hauhesabiwi kuwa ziara. Kwa aliyefiwa, litajeni jina la marehemu. Wengi hulikwepa wakidhani wanamhurumia, kumbe yeye anangoja mtu alitaje.

Hospitalini ulizeni saa za kutembelea na idadi inayoruhusiwa kitandani, na mwenye mafua abaki nyumbani. Magereza na vituo vya wanaoomba hifadhi mara nyingi hutaka majina na vitambulisho mapema, msifike mkabahatishe. Anayetaka chakula cha Bwana nyumbani ajulishwe kwa mchungaji au padre wiki moja kabla.

Giza la saa kumi jioni huwalemea wengine mwilini kabisa. Mtu akilala kupita kiasi, akiacha kula au kujitenga kwa wiki mbili mfululizo, msaidieni amwone daktari, na msimwambie imani yake imepungua. Ziara ya pili iandikwe tangu sasa katikati ya Januari, nyumba zikishanyamaza.

Kutoka: Katibu wa usharika

Mzee, nimeandika. Swali la jikoni limenijia mara tatu, najibu kwa wote: chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Sufuria kubwa ya mchuzi mzito haipoi katikati hata ikiwekwa kwenye friji. Igawanywe kwenye vyombo vya kina kifupi. Kila chombo kiwe na karatasi ya viungo, karanga na maziwa vikitajwa kwa jina.

Kutoka: Mama wa mapambo ya altare

Nimesahau la kufungua taji. Majani yatolewe kabla ya kuhifadhi pete, yote, maana yaliyobaki huota ukungu. Yasichomwe mekoni wala kwenye mahali pa moto pa ndani. Utomvu hutupa cheche na kuacha masizi kwenye bomba la moshi. Waya ukatwe kwa koleo ndogo upande wa chini wa pete. Vishikio vya chuma vikwanguliwe nta kwa maji ya moto kwenye beseni, si kwenye sinki la wenyeji, kwani nta ikipoa kwenye bomba italiziba.