Naomba ushauri: mama atumie dawa za kuondoa seli zilizozeeka?

Hamjambo wapendwa. Mama yangu ana miaka 76, tunaishi naye hapa Umoja. Mwaka jana alishikwa na mkanda wa jeshi, kisha nimonia, na tangu hapo mafua kidogo tu ya baridi ya Julai yanamlaza. Binamu yangu aliye Marekani anataka kumtumia dawa mbili za kumezwa pamoja: dasatinibu, na kwesetini inayotokana na mimea. Anasema zinafagia seli zilizozeeka zikagoma kufa, halafu kinga inarudi.

Nimesoma kiasi. Kweli seli hizo humwaga kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, na kazi ya kuziondoa ni ya kinga yenyewe. Kinga ikichoka, zinarundikana. Lakini mchanganyiko huo ulitangazwa 2015 kwa majaribio ya panya, na jaribio la kwanza kwa binadamu, lililotoka 2019, lilikuwa na wagonjwa 14 wa mapafu. Kumi na wanne tu! Tena dasatinibu ni dawa ya saratani ya damu. Huweza kushusha chembe za kugandisha damu, kujaza maji kando ya mapafu, hata kuzubaisha chembe za kinga zenyewe. Na mama humeza aspirini, ambayo nayo hupunguza kuganda kwa damu, kila asubuhi baada ya uji.

Binamu anampenda mama sana, sitaki tukosane. Nimwambieje? Nimwone daktari wa wazee kwanza au wa damu? Na chanjo za nimonia na mafua kwa umri huo, wenzangu wa Nairobi mmewapeleka wazazi wapi, na mlilipa ngapi?