Tupeane uzoefu: uliiandaaje nyumba yako kabla ya kuiuza?

Mwanzisha uzi (Tanga)

Wakuu, habari za Jumapili. Naona wengi humu wanaouza nyumba wanaulizana bei tu. Namna ya kuiandaa nyumba kabla mteja hajakanyaga mlangoni haiulizwi. Naanza na ya kwetu, nanyi mlete zenu.

Mwaka jana sisi ndugu watano tuliuza nyumba ya marehemu baba pale Makorora. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, kwa hiyo mzigo wote uliniangukia. Miezi minne ya mwanzo tuliiweka sokoni ilivyo, tukataja milioni 60. Dalali alileta watu saba, na aliyepanda sana alifika milioni 41. Wengine hata vyumbani hawakuingia. Walisimama sebuleni, wakatazama chini ya ukuta, wakaaga. Nilikuwa naumia, naona wanaidharau nyumba ya mzee.

Siku moja akaja mama mmoja mtu mzima. Akaweka kiganja ukutani, karibu na sakafu, akakivuta taratibu na kunionyesha. Mkono umejaa unga mweupe. Akasema, "Mwanangu, nyumba hii inaliwa na chumvi. Nikiinunua nitakuwa nimenunua ugonjwa." Akaondoka.

Nikamwita fundi mwashi. Alizunguka nyumba nzima akigonga lipu kwa mpini wa nyundo. Penye lipu iliyoshika mlio ulikuwa mkavu, penye iliyoachia unasikia kama debe tupu. Kisha akanitoa nje akanionyesha asili ya tatizo. Miaka yote tulikuwa tunafagia uwanja kuelekea ukutani, na maua ya mama yalipandwa hapo hapo. Udongo ukapanda kidogo kidogo mpaka ukapita ile nailoni nyeusi inayolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu. Kila mvua ikinyesha maji yanapanda ukutani na chumvi yake. Rangi tungepaka, na vuli ya kwanza ingeibandua yote.

Basi tukachimba kuushusha udongo pande zote. Lipu ikabanduliwa hadi usawa wa kiuno, ikapigwa upya kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji, na nje tukamwaga zege la futi mbili kuzunguka nyumba, limeinamia nje ili maji yakimbie. Halafu tukaacha wiki nne lipu ikauke kabla ya rangi. Hizo wiki nne ziliniletea ugomvi na kaka zangu, lakini sikukubali kupaka rangi juu ya ukuta mbichi. Kazi nzima na rangi ilikula milioni 2 na laki 3.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni stoo. Baiskeli ya mzee, redio yake ya mbao, magazeti ya miaka na miaka, makochi yaliyovunjika miguu. Mama alikaa kwenye mkeka kibarazani, tukawa tunamletea kimoja kimoja, anakishika, anasema kibaki au kiende. Tulimaliza siku tatu. Sikumharakisha, na nawaomba mnaouza nyumba za wazazi msiwaharakishe.

Tuliuza milioni 54, wiki ya sita baada ya rangi. Haya, karibuni.

Fundi rangi (Mbagala)

Dada hongera, hasa kwa zile wiki nne. Wateja wengi wananiita Jumatatu wanataka Ijumaa mteja aje aone nyumba. Nakwangua rangi ya zamani, chini yake ukuta una maji. Nikimwambia asubiri, anamwita fundi mwingine.

Mambo machache tu kwa anayeuza. Usipake rangi ya mafuta kwenye ukuta wenye unyevu, itatoa malengelenge. Chagua rangi tulivu, nyeupe ya maziwa au krimu, maana mnunuzi anataka kuona vyombo vyake ndani ya chumba, na chumba cha zambarau kinamkatalia. Hela ikiwa ndogo, anzia pale mkono wa mteja unapogusa: geti, mlango wa mbele, kitasa, swichi za taa, koki. Geti linalolia na kitasa kinachokwama vinamwambia mteja nyumba haijatunzwa, hata kama sebule inang'aa. Grisi na skrubu mbili hazifiki elfu kumi.

Mchangiaji (Tabata)

Yangu ni ya kosa, naitoa ili mwingine asirudie. Dari ya chumba kikubwa ilikuwa na doa la kahawia, maji yaliingia kwenye kona ya bati. Sikupanda juu. Nilinunua rangi nyeupe, nikapaka doa, likapotea. Mteja alikuja Machi mwanzoni, akaipenda nyumba, tukakubaliana bei, akaahidi malipo ya kwanza wiki inayofuata. Wiki hiyo masika ikafungua. Siku mvua inanyesha akapiga simu, yuko getini, anaomba kuona tena. Nilimfungulia. Alikwenda moja kwa moja chumba kikubwa, akainua macho. Doa limerudi, limelowa, na tone linaning'inia.

Hakuniuliza kuhusu dari. Aliniuliza, "Na vingine je?" Hapo sikuwa na jibu ambalo angeliamini. Kuziba ile kona ya bati kulinigharimu elfu themanini baadaye. Nyumba ilikaa miezi mitano zaidi, na niliiuza kwa bei ya chini.

Mdau (Magomeni)

Mimi naomba nitofautiane kidogo na wakuu. Kabla hujatoa hata shilingi, jiulize mnunuzi wako ni nani. Nilibandika marumaru nyumba nzima, nikaweka dari ya jipsamu na masinki mapya, kama milioni 6 hivi. Aliyenunua alikuwa anatafuta kiwanja. Baada ya wiki mbili nilipita, nikakuta wanabomoa, marumaru zangu zimelundikwa barabarani na kifusi. Bei aliyonilipa ilikuwa ya ardhi na barabara tu. Mitaa ya kati ambako nyumba za zamani zinabomolewa kupisha maghorofa na maduka, safisha, fyeka, toa vyombo, weka karatasi sawa, uishie hapo. Kule Kinyerezi au Goba ambako mtu anatafuta pa kulala na watoto wake leo leo, huko ndiko rangi na choo safi vinalipa.

Mwanzisha uzi

@Mdau wa Magomeni, pole sana kaka. Hili sikuwahi kulifikiria, na ni kweli kabisa.

Mchangiaji (Mombasa)

Hamjambo ndugu zetu. Mimi niliuza fleti huku Nyali, na shida yangu kubwa ilikuwa mpangaji. Alikuwa ndani, kodi analipa vizuri, lakini kila mteja akija nyumba imejaa nguo, mapazia yamefungwa, jokofu limezimwa na linanuka. Sikumlaumu, yeye alikuwa anaogopa kufukuzwa. Nilikaa naye nikamweleza wazi, nikampa notisi ya miezi miwili na kumsamehe kodi ya mwezi wa mwisho ili aniachie mapema. Nyumba tupu iliyopigwa deki na kufunguliwa madirisha ilipata mnunuzi ndani ya mwezi.

Jingine, usiseme umeandaa nyumba kama hujaandaa karatasi. Huku unahitaji cheti kwamba huna deni la kodi ya kaunti, na ardhi ikiwa ya kukodi kutoka serikalini, cheti cha kodi ya ardhi pia. Mimi nilikuwa na malimbikizo ya ada ya matengenezo ya jengo, na mnunuzi aliyajua kutoka kwa mlinzi kabla sijamwambia. Na wekeni akilini kodi ya faida ya mtaji, yaani faida unayopata ukiuza, Kenya ni asilimia 15 tangu Januari 2023, zamani ilikuwa 5. Kwa hiyo tunzeni risiti za ukarabati mkubwa, zinasaidia kwenye hesabu ya faida.

Mchangiaji (Morogoro)

Naunga mkono la karatasi. Mwanasheria wa mnunuzi wangu swali lake la kwanza lilikuwa ridhaa ya mke wangu kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inalinda nyumba ya familia, mwenzi mmoja haiuzi bila mwingine. Mke wangu alikuwa safarini Kigoma, tukachelewa wiki tatu na mnunuzi nusura aondoke. Malizeni hilo mapema. Na angalieni deni la kodi ya jengo kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, maana linakatwa humo tangu 2021, na mita iliyokaa muda mrefu bila kununuliwa umeme hurundika deni.

Mchangiaji (Leicester, Uingereza)

Huku wakala alitembea nyumba nzima na daftari kabla ya kupiga picha. Aliomba tuondoe picha za familia ukutani, nusu ya fanicha, na tusifukize chochote siku mteja anakuja. Mke wangu alizoea udi kila Ijumaa, tukaacha kwa miezi miwili. Mwanzoni niliona wanatufuta ndani ya nyumba yetu wenyewe. Lakini picha zilipotoka, sebule ileile ilionekana kubwa mara mbili. Kuna pia cheti cha matumizi ya nishati, lazima kiwepo nyumba inapotangazwa, na kinadumu miaka 10. Chetu kilionyesha dari haina kizuia baridi cha kutosha, tukaweka.

Msomaji (Dodoma)

Dada mwanzisha uzi, swali moja. Yule aliyenunua mwishoni ulimwambia kuhusu chumvi, au alikuta ukuta mzuri akanunua?

Mwanzisha uzi

Nilimwambia. Kaka zangu hawakutaka, walisema tumeshatengeneza, kwa nini tuamshe jambo lililolala. Lakini kila hatua nilikuwa nimeipiga picha kwa simu: udongo ukichimbwa, ile nailoni nyeusi ikionekana, lipu ya zamani ikiwa chini, zege likimwagwa. Mnunuzi alikuwa mwalimu aliyehamishwa kutoka Korogwe. Nilimpa simu aziangalie zote, naye akaomba arudi Jumamosi na fundi wake. Fundi wake aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kama wetu alivyogonga, nyumba nzima. Mimi na mama tulikaa kibarazani tunasikiliza. Alipomaliza akatoka nje, akamtikisia kichwa mwalimu kwamba ni sawa.

Mwalimu akamuuliza mama yale maua yaliyokuwa ukutani yamekwenda wapi. Mama akamwonyesha, yako kwenye ndoo tisa nyuma ya jiko. Alimwachia nne.