Tupeane uzoefu: samaki wa dhahabu wanaotufia kwenye matenki ya nyumbani

Tabata Kwetu

Wakuu, heshima kwenu.

Huku mtaani haipiti wiki bila mtu kunigongea na picha kwenye simu: samaki wa dhahabu kalala ubavu, au anahema juu ya maji, au mapezi yamechanika. Swali ni lilelile, "nimpe dawa gani?" Dukani nako hawamuulizi habari za maji, wanamuuzia chupa. Msimamo wangu, na ndiyo sababu ya uzi huu: kwa joto letu la Pwani, mgonjwa wa kwanza kupimwa ni maji.

Nianze na kisa cha shemeji yangu. Alimnunulia mwanawe tenki la lita 30 na samaki wanne, vyote siku moja. Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili wakaanza kuja juu kutafuta hewa, matamvua mekundu, mmoja amejikunja chini kabana mapezi. Akauziwa dawa ya bluu. Maji yakawa bluu, samaki wakaendelea kufa.

Samaki hawa ni jamii ya karpu, asili yao China, wanakula sana na wanachafua sana. Sehemu kubwa ya uchafu huo inatoka kupitia matamvua, na ni amonia. Tenki lililokomaa lina bakteria kwenye sponji ya filta: kundi moja linageuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili linageuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Tenki jipya hawamo. Na ile dawa ya bluu, hata wachache walioanza kuzaliana iliwamaliza.

Tulichofanya: theluthi ya maji kubadilishwa kila siku, kwa maji yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini itoke, chakula kidogo, siku moja moja hakuna kabisa, na kipande cha sponji chafu kutoka filta yangu kikaingia kwenye filta yake. Wawili walipona, na baadaye walihamia tenki kubwa, maana lita 30 ni karai la kuogea kwa samaki anayeweza kufika sentimita 20 na zaidi.

Karibuni. Tafadhali tajeni ukubwa wa tenki na chanzo cha maji, la sivyo tutakuwa tunapiga ramli.

Mama Nuru

Asante kaka. Yangu ni dawa ya mbu.

Tenki lita 120, samaki watatu, maji ya bomba, hawajawahi kuumwa. Jioni moja ya masika dada wa kazi akapuliza dawa sebuleni, akafunga madirisha kama inavyotakiwa. Narudi nakuta samaki wanazunguka hovyo na kujigonga kwenye kioo. Usiku huohuo wawili wakaenda. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye umeme, nikadhani kuna waya unavuja ndani ya maji.

Mdogo wangu ndiye aliyeniuliza pampu ya hewa inavuta hewa wapi. Iko chini ya meza, sebule ileile! Kwa hiyo ile dawa ilikuwa inanyonywa na kusukumwa moja kwa moja ndani ya maji. Hizi za kupuliza nyingi ni za jamii ya pairethroidi, na kiasi ambacho mtu hata hakisikii kinaua samaki. Siku hizi sebuleni ni chandarua na nyavu za madirisha, basi. Wakija wa kupuliza nyumba nzima, nazima pampu, nafunika tenki na nailoni, juu yake taulo lililoloa, na wakimaliza tu nafungua kila dirisha kabla ya kuwasha tena. Mkiishi ghorofani mjue na jirani wa chini naye anapuliza.

Paka Mweupe

Wangu aliliwa na paka. Hapo nako tupime maji?

Tabata Kwetu

Hapo pima kifuniko, mkuu. Nacho ni muhimu, hawa samaki huruka, hasa maji yakiwakera.

Mnyalu wa Gangilonga

Kamwene wote. Poleni na joto huko. Sisi Iringa mwezi wa saba maji ya ndani yanashuka hadi nyuzi 16 na samaki hawana habari, wanapunguza kula tu. Ukinisikiliza mimi, samaki huyu ni wa Nyanda za Juu, nyinyi wa Dar mnamwonea.

Kisa changu ni cha vidoa vyeupe. Kila unapouliza, vidoa vyeupe ni ugonjwa, tia dawa, ongeza joto. Wangu alitokewa na vidoa vidogo, vigumu, vimejipanga kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mfupa wa kwanza wa mapezi ya pembeni. Mwilini hakuna hata kimoja. Halafu anamfukuza mwenzake tenki zima, anamsukuma tumboni bila kuchoka. Nikawa na chupa mkononi kabisa, mjomba wangu akanizuia: "Huyo haumwi, huyo anataka kuoa." Ni dume. Madume wa samaki hawa wakifikia kuzaa huota vidoa hivyo. Asubuhi mayai yalikuwa yamenata kwenye majani, na wazazi wanayala kwa zamu.

Kwa hiyo tazameni vidoa vimekaa wapi kabla ya kufungua mfuko wa hela.

Nyegezi Zamani

Nimefurahia huo wa Mnyalu, maana madume wengi sana wametibiwa ugonjwa ambao hawana.

Mimi nilisomea ufugaji wa samaki Nyegezi, miaka ya nyuma. Vidoa vya ugonjwa wenyewe vinatapakaa: mkiani, mgongoni, kwenye mapezi yote, mfano wa punje za chumvi, na samaki anajikuna kwenye mawe. Ni kimelea. Akiwa amejichimbia chini ya ngozi dawa haimfikii; anakamatika akiwa anaogelea huru kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana ukisitisha tiba vidoa vilipotoweka tu, wiki inayofuata vinarudi vingi zaidi. Kwa samaki wa dhahabu napenda chumvi kuliko dawa za rangi. Gramu 3 kwa lita, yaani tenki la lita 50 ni gramu 150, ila usizimwage mara moja: gawa kwa siku mbili tatu, yeyusha pembeni kwanza. Endelea siku kadhaa baada ya kidoa cha mwisho, kisha itoe kwa kubadilisha maji. Chumvi haiyeyuki hewani, kwa hiyo ukijazia maji yaliyopungua kwa jua usiongeze nyingine. Mimea ya humo ndani itaumia, hilo mkubali.

La pili ni wale wanaoelea tumbo juu. Aina za mviringo, oranda na wenzake wenye mikia miwili, wamefupishwa mwili kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi, utumbo na kifuko cha hewa vimebanana. Juu ya hapo samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Akila vidonge vikavu vinavyoelea, anameza na hewa, na vidonge vinavimbia ndani. Mnyime chakula siku mbili. Kisha njegere moja iliyochemka, iliyomenywa ganda, iliyopondwa. Baada ya hapo nunua chakula kinachozama, kiloweke kidogo. Wengi wanarudi sawa. Ila akivimba na magamba yakasimama, hapo figo zimeshindwa, na sitawadanganya, wanaopona ni wachache.

Wa maji ya kisima: kisima cha chumvichumvi pH yake, yaani kipimo cha uasidi na umagadi wa maji, mara nyingi iko juu. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia yenye sumu inaongezeka karibu mara 10, kwa uchafu uleule. Ndipo unaposikia mtu anasema, "kwa jirani wanaishi, kwangu wanakufa, na tumenunua pamoja."

Mpwani wa Kisauni

Salaam wadau. Huku Mombasa Machi maji ndani ya nyumba yanafika nyuzi 30. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya 30 yanabeba 7 na nusu, na samaki kwenye joto anahitaji hewa zaidi, si kidogo. Mimi nawawekea feni ya meza ipige juu ya maji, inashusha nyuzi mbili hivi. Chupa ya barafu nimeacha, inashusha ghafla halafu joto linarudi, samaki wanapelekwa huku na huko.

Kisa chenyewe ni cha stima. Ilipotea mchana kutwa. Nilikuwa na pampu ndogo ya betri, samaki wakavuka salama, nikajipongeza. Stima iliporudi ile filta kubwa ya kopo la nje ikajiwasha yenyewe. Dakika chache, harufu ya mayai viza nyumba nzima, samaki wote juu wanahema. Maji yaliyokwama ndani ya kopo yalikuwa yameishiwa hewa, bakteria wamekufa, na uozo wote ukasukumwa tenkini. Sasa stima ikipotea kwa saa kadhaa nachomoa filta ukutani, na kabla ya kuirudisha naifungua, namwaga maji yake, nasuuza sponji kwa maji ya tenki.

Bint Maskati

Sisi huku Muscat mwezi wa sita maji ya bombani yanakuunguza mkono, kwa sababu matangi yako juu ya dari. Hata bomba la baridi ni la moto! Nina pipa ndani, kwenye chumba chenye kiyoyozi, nalijaza siku moja kabla. Kwa wanaosema samaki hawa ni wa miezi sita tu: Uingereza kuna mmoja aliyeishi miaka 43, alikufa mwaka 1999.

Fundi Vioo

Natengeneza matenki, nitasema la upande wangu. Mteja alizibiwa ufa na fundi mwingine kwa silikoni ya bafuni. Silikoni za bafuni nyingi zimetiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo inavujia majini. Samaki walikufa mmoja mmoja, maji ukiyaangalia masafi kabisa. Soma kopo: kama limeandikwa inazuia ukungu, usiweke. Na hata iliyo salama iache ikauke kama wiki, jaza, mwaga, jaza tena.

Mgeni Moro

Wakubwa naomba msaada wa sasa hivi. Niko Morogoro, tenki lita 60, samaki wawili, maji ya bomba. Tenki lina zaidi ya mwaka. Tangu juzi maji yamegeuka tui. Samaki wanakula lakini wako juu juu. Nimesikia nikaliweke juani liue wadudu.

Tabata Kwetu

Juani usipeleke, utapata na maji ya kijani juu ya hayo meupe. Kabla ya juzi kuna kitu ulibadilisha? Uliosha filta?

Mgeni Moro

Mdogo wangu aliiosha vizuri sana. Sponji ilikuwa nyeusi, akaisugua bombani na sabuni ya unga, akaianika.

Nyegezi Zamani

Basi ni tenki jipya hilo, mdogo wangu, hesabu yameanza upya. Hiyo sponji usiirudishe, sabuni haitoki yote. Robo hadi theluthi ya maji kila siku yaliyolala ndooni, joto lifanane, pampu ya hewa isizimwe, chakula kisimame siku mbili kisha punje chache. Weupe utaondoka wenyewe, usitie kitu cha kung'arisha maji. Ukipata sponji iliyotumika kutoka tenki ambalo samaki wake ni wazima, utaokoa wiki kadhaa.

Mgeni Moro

Nimeelewa. Nimeshapunguza maji. Sponji nitaipata wapi Moro jamani?

Mama Nuru

Wifi yangu yuko Kihonda ana tenki la siku nyingi, nakutumia namba faraghani. Beba ndoo yenye maji ya tenki, sponji isikauke njiani.