Tupeane uzoefu: mlohangaika na chunusi miaka mpaka mkaingia skinkea (utunzaji wa ngozi) ya Kikorea, ilikuwaje?

Binti wa Mwembeladu

Asalaam alaykum nyote. Nafungua mada hii kwa sababu kila nikikaa na watu, harusini, kazini, naulizwa uso wako umeufanyaje, na jibu langu refu halimalizwi kwa kusimama. Na najua humu mumo wengi mlopita njia hii. Kila mtu aeleze yake, ilomfaa na ilomkataa, msifiche.

Mie chunusi zilinianza skuli, fomu tuu, nna miaka 15, zikakaa nami mpaka 26. Si kile kipele kimoja kinachokuja na siku zako kikaondoka. Zangu zilikuwa mashavuni na kwenye taya, ngumu kama punje za kunde, hata mto wa kulalia unauma. Ikipona moja inaacha doa jeusi la miezi. Nilifanya yote mnayoyajua, liwa, manjano na asali, dawa ya meno, ndimu (hiyo msithubutu, ndimu na jua letu hili inababua), na sabuni ya kipande asubuhi na jioni kwa vile niliambiwa chunusi inaletwa na mafuta basi nikaushe. Uso ukishabana kama ngoma, usiku naupaka mafuta ya nazi. Miaka yote hiyo sikujua kwamba sabuni nyingi za kipande pH yake (kipimo cha asidi na magadi) ni 9 au 10 wakati ngozi yenyewe iko kwenye 5, na kwamba mafuta ya nazi kwa uso wenye chunusi yanaziba vinyweleo. Yaani asubuhi najikausha usiku najiziba.

Kilichonimaliza khasa ni krimu ya kuchanganywa. Ilikuwa harusi ya dadaangu, nikauziwa kikopo cheupe hakina jina hakina chochote, wiki ya kwanza tu uso ukawa kama yai la kumenya, nikafurahi mno. Nimetumia miezi mitatu. Siku nilipoacha, wallahi sikuutambua uso wangu kwenye kioo, mwekundu, umejaa vipele vya usaha, na nikitia udhu maji yakipita nasikia kama nimemwagiwa pilipili. Nilikuwa nasali nalia, na si kwa khushui. Daktari wa ngozi alivyoniangalia tu akaniuliza umepaka nini, akaniambia hizo krimu mara nyingi zinatiwa steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), na nyengine haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi) au zebaki. Akanitoa kwenye kila kitu, uso usafishwe taratibu na kulainishwa tu mpaka utulie, ilichukua miezi.

Hapo ndo nikaingia kwa Wakorea, na niliingia kwa woga. Vitu vitatu tu. Klenza (ya kuoshea uso) ya COSRX ile ya Low pH Good Morning, moisturaiza (krimu ya kulainisha) nyepesi ya centella, mmea wa kutuliza ngozi, na sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya Beauty of Joseon ile ya mchele, SPF 50+ PA++++, ndo alama za kiwango cha kukinga jua. Habari za hatua kumi, kupaka kitu juu ya kitu kama wanavyosifiwa Wakorea, sijawahi kuzifanya na sioni haja. Mie kilichonipendeza ni kuwa vitu vyao vyepesi, kaskazi hii ya Januari unavyotoka jasho ukiwa umekaa tu, krimu nzito inayeyuka mpaka shingoni, na ile sanskrini haikuachi weupe kama uliopakwa chokaa.

Sasa mwezi wa kwanza sikuona kitu. Nasema kweli, sikuona kitu, ila ule moto wa kutia udhu uliondoka. Mwezi wa pili vipele vipya vikapungua, hapo nikaongeza seramu (maji mazito ya kupaka) ya niasinamaidi, yaani vitamini B3. Madoa ndo yalichukua muda, kama miezi sita, na naamini sanskrini ndo ilofanya kazi kubwa maana doa la chunusi kwenye ngozi nyeusi likipigwa na jua linazidi kukoza.

Haya, mwenzenu nshasema. Endeleeni.

Mama Wawili, Fuoni

Waalaykum salaam. Umenikumbusha mbali mwenzangu, ile ya kikopo cheupe hata mie nimepita.

Yangu ilikuja ukubwani, baada ya mtoto wa kwanza. Nilikuwa natumia adapalini ya usiku, dawa ya chunusi ya kupaka ya jamii ya vitamini A, inanisaidia, halafu nikapata mimba ya pili. Daktari akaniambia acha hapohapo, dawa za jamii hiyo hazitumiwi na mjamzito, akanipa asidi ya azelaiki, nayo dawa ya chunusi ya kupaka. Kwa hiyo mimba nzima nilikuwa na azelaiki, centella na sanskrini, basi. Tafadhali wenye mimba mseme mapema kwa daktari, msione ni kitu cha kupaka tu.

Na ule ute wa konokono unaosifiwa kila pahala, ule wa COSRX wa 96, mie roho haikutulia. Nikamuuliza ustadhi wetu akasema wanazuoni wamekhitilafiana, basi nikauacha nikabaki na centella, na sijaona nilichokosa. Mwenye kuutumia atumie, mie nasema yangu. Halafu jina la ile madekasosaidi inayotoka kwenye centella limetokana na Madagaska, hapo jirani tu, nilipojua nilifurahi sijui kwa nini.

Mpemba wa Konde

Wanaume nasi tumo. Mie mwanamme, nauza karafuu, na mambo ya kupaka nilikuwa naona ya wanawake mpaka paji la uso liliponijaa. Vipele vidogovidogo, vyote saizi moja, vinawasha, vikipigwa na jasho ndo balaa. Dadaangu yuko Unguja akaniletea kwa boti mpaka bandari ya Mkoani mfuko mzima, klenza, tona (maji ya kupaka ukishaosha uso) ya Some By Mi ile ya siku thelathini, vistika vya kubandika. Nikapaka mwezi mzima. Hazikwenda. Zaidi zinawasha.

Kumbe si chunusi. Nilikwenda hospitali nikaambiwa hii fangasi, inapenda mafuta na jasho, na yangu ilikuwa inalelewa na kofia. Nna kofia ya viua nzuri mno, nilikuwa siifui kwa kuogopa itaharibika, naivaa toka alfajiri mpaka isha, ukiigeuza ndani ukingo wote umekuwa wa rangi ya chai. Nikapewa shampuu ya ketokonazo, dawa ya fangasi, niipake pajini dakika chache nisuuze, na kofia nikanunua za kubadilisha. Wiki tatu paji safi.

Wakorea sikuwaacha lakini, klenza naitumia na vistika vile vya haidrokoloidi navipenda, unabandika usiku kwenye kipele kilichoiva, asubuhi ukibandua kimegeuka cheupe kimevuta usaha wote na huna haja ya kuminya. Kuminya ndo kunaacha mashimo, vijana nawaona mnaminya kwenye kioo cha pikipiki.

Dada wa Jang'ombe

Mie yangu fupi. Nilitaka yote kwa mara moja. Tona yenye asidi ya kuchubua asubuhi, asidi ya salisiliki usiku, vitamini C, skrabu juma mara mbili, na maski ya karatasi Ijumaa. Wiki ya tatu uso unang'ara kama plastiki nikadhani ndo ile ngozi ya "kioo" ya Wakorea. Si kioo, ngozi ilikuwa imechunika. Hata moisturaiza ikawa inachoma. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkae nacho wiki nne ndo mtie chengine, mie nilijifunza kwa kuumia.

Umm wa Chake

Naomba niseme kitu kwa wale ambao wamepaka kila kitu na hakuna kilichobadilika, kwa sababu nilikuwa mmoja wenu na nilikuwa najiona nna kosa.

Chunusi zangu zilikuwa tayani na shingoni tu, na siku zangu zilikuwa zinapotea miezi miwili mitatu, na ndevu za hapa kidevuni nilikuwa nazinyofoa kwa siri asubuhi kabla mume hajaamka. Sikuwa nimeunganisha hayo mambo matatu hata siku moja. Nilitumia pesa nyingi kwenye seramu. Siku nilipokwenda kwa ajili ya kutafuta mtoto ndo daktari akaniuliza maswali, akanipima kwa mashine na damu, akaniambia homoni zangu haziko sawa, ovari zina vifuko vidogovidogo. Nilitibiwa homoni na uso ukafuata. Klenza ya Kikorea na sanskrini natumia mpaka leo na zinanisaidia kuuweka uso, lakini peke yake isingetosha hata ningepaka miaka 20. Ukiwa na dalili hizo usione haya, nenda.

Wa Paje, mwanamwani

Sie huku pwani jua tunalipata mara mbili, la juu na la majini. Maji yakitoka tunaingia kufunga mwani, tumeinama saa tatu saa nne, chumvi usoni. Chunusi sikuwa nazo nyingi lakini madoa yake yalikuwa hayatoki. Mwanangu wa kike akanilazimisha sanskrini, na ananipimia mwenyewe, mistari miwili ya sanskrini juu ya vidole, cha shahada na cha kati, akiona nimepaka kidogo ananirudisha. Madoa yamepungua alhamdulillahi. Ila ukiwa mtu wa majini nunua inayostahamili maji, ile ya kawaida inaondoka na wimbi la mwanzo. Na huu mwani wetu ndo unatolewa karajinani, kitu cha kufanya mchanganyiko uwe mzito, inayotiwa kwenye dawa za meno na makrimu, kwa hivyo nasi tumo humo ndani.

Wa Chukwani

Samahani dada mwenye mada, nna maswali mawili. Nna elfu 60 tu, nianze na nini? Na vipi mnafanya na udhu, maana ukipaka sanskrini Adhuhuri imefika?

Binti wa Mwembeladu

Mdogo wangu, anza na sanskrini. Klenza si lazima iwe ya Kikorea, chukua yoyote laini isiyo na harufu kali. Dawa yenyewe ya chunusi nenda famasi, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inafanya kazi na si ghali, paka kidogo kwenye chunusi usiku. Ila angalia inachujua nguo, mie mtandio wangu mweusi ulitoka madoa ya rangi ya chungwa na foronya mbili zimekwisha.

Kuhusu udhu, mie kazini nakaa na kitambaa laini. Kabla ya Adhuhuri nausafisha uso kwa maji na kile kitambaa mpaka sanskrini iondoke, ndo natia udhu, nasali, kisha napaka upya. Alasiri hivyohivyo. Sanskrini ukiwa juani inatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili, basi sala zinanikumbusha. Jioni nikirudi natanguliza klenza ya mafuta ndo ile ya povu, maana sanskrini ikilala usoni chunusi zinarudi.

Na usinunue kwa bei ya kutupa, za bandia zipo nyingi, ukiona kifuniko hakina lakiri au maandishi yamekosewa iache. Piga picha leo ukikaa dirishani, kabla hujapaka kitu, halafu usiiangalie mpaka wiki ya nane.

Wa Chukwani

Ahsante sana dada. Picha nshapiga. Sanskrini nimeagiza Dar, inakuja na boti ya kesho.