Mrejesho: Ile presi ya mtumba ya tani 20

Wenzangu mafundi, salaam. Niliwauliza kama presi ya gereji ya mtumba, yaani mashine ya kubana kwa nguvu ya oili, ile ya kupampu kwa mkono, ingefaa kufulia chuma hapa Changamwe. Niliichukua. Kwa mkono haifai, inabana polepole mno: chuma cha moto kikigusa vyuma vya kubania, joto linanyonywa upesi. Springi ya lori iliyotoka motoni na rangi ya chungwa inafifia kabla haijabanwa sawasawa. Aliyenishauri nifunge mota, pampu na silinda yake, Mungu ambariki. Sasa chuma kinabanwa kingali laini.

Ila kubwa zaidi ni oili. Sili, zile pete za kuzuia uvujaji, zilikuwa zimekauka, na mpira mmoja wa kupitishia oili ulikuwa na ufa mwembamba karibu na nati. Presha ikipanda, tundu dogo tu hurusha oili kama moshi, na ukungu huo ukifika tanurini unawaka. Nimebadilisha mipira yote, nikaweka bati zito kati yake na moto. Na tafadhali, msipapase uvujaji kwa kidole! Oili yenye presha hupenya ngozi, na hiyo ni hospitali papo hapo hata kama jeraha laonekana dogo.

Makali ya panga bado namalizia kwa nyundo.